Sindano ya Jumapili

Duka la dawa la Theopista, pale Kashai mjini Bukoba, lilikuwa na makufuli mawili mlangoni. Moja lilikuwa lake la siku zote. La pili lilikuwa la serikali, limefungwa kwa lakiri siku nane zilizopita. Asubuhi ile ya Alhamisi Inspekta Evodia Lwakatare aliivunja lakiri, akajaza fomu kwamba ameivunja yeye, akaandika saa, akasaini, ndipo akamruhusu mwenye duka aingie dukani mwake.

Ng'ambo ya barabara waendesha bodaboda walinyamaza wote kwa mpigo. Kwa watu wale kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kupandisha mlima na abiria wawili.

"Wananiita Mama Maji," Theopista alisema bila kugeuka. "Siku ya nane leo. Binti yangu ameenda kununua mkate, wanamuuliza kama mama bado anajaza sindano kwa maji ya ziwa."

Evodia alikuwa ameshaingia kazini, na akiwa kazini maneno ya kumpoza mtu huyaweka pembeni mpaka baadaye. Alifungua friji, akachuchumaa kwa taabu kidogo, maana naye kilo zake zilikuwa zimeanza kumsemesha, akatazama rafu moja moja.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Mwijage Karugendo, mhandisi anayeishi Mwanza, alilalamika kwamba duka hili limemuuzia mama yake dawa bandia. Mama huyo, Benigna, mkulima wa Kimwani wilayani Muleba, alikuwa na sukari na mwili mkubwa. Daktari alimwanzishia sindano mpya, ile ya mara moja kwa wiki, inayoshusha sukari na kukata hamu ya chakula. Dawa huja ndani ya peni, kitu kinachofanana na kalamu nene, na peni moja ina dozi nne. Peni tatu zilikwisha, wiki kumi na mbili zikapita, na mama hakupungua hata nusu kilo. Kwa kuwa zote tatu zilikuwa tupu, hapakubaki hata tone la kupeleka maabara. Kesho saa tatu asubuhi jalada lilitakiwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Kama Evodia hana jipya, Theopista angekwenda mahakamani, na mfamasia aliyeshtakiwa kwa dawa bandia hata akishinda kesi hapati tena mtu wa kumuuzia panado.

"Daftari la joto la friji," Evodia alisema.

Theopista alilitoa. Mistari ilikuwa imenyooka, asubuhi na jioni, nyuzi nne, nyuzi tano, nyuzi nne. Kidole cha Evodia kilishuka ukurasa mmoja, kikasimama.

"Hapa pana siku mbili tupu."

"Umeme ulikatika."

"Dawa zilikuwa wapi?"

Theopista alivua miwani. "Kwenye friji la bucha, hapo jirani. Ana jenereta."

"Friji la nyama? Dawa hii ikiganda si inaharibika?"

"Ndiyo maana niliiweka upande wa soda, siyo upande wa nyama! Na kipimajoto changu juu yake. Nilikaa pale siku mbili na kiti changu, Inspekta, nanuka utumbo wa ng'ombe. Sikuandika kwenye daftari kwa sababu daftari ni la friji hili, siyo la bucha. Mimi siwezi kuandika joto la friji la mtu mwingine kwenye daftari la friji langu."

Katika miaka ishirini na miwili ya upelelezi Evodia alikuwa amekutana na waongo wa kila namna, lakini hajakutana na mwongo anayejitia mashakani ili daftari lisichafuke.

"Peni zilizokaa bucha alinunua nani?"

"Katoni ilikuwa moja, yenye maboksi ya peni moja moja. Tatu zilikwenda kwa Ma Benigna, kila mwezi moja. Zilizobaki anachukua padri mmoja wa Nyanga."

"Anaendeleaje?"

"Kupungua? Muulize fundi wake. Kanzu zake zote ziko kwa fundi."

Evodia alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aamke. Fundi wa Nyanga anayeshona kanzu za mapadri, ingawa yeye ni Mlutheri, alikuwa kaka yake. Wote wawili walilelewa chini ya cherehani ya baba yao, mzee aliyekuwa akimpima mteja kwa macho kabla hajaishika futi. Alipiga simu palepale.

"Kaka, kanzu za padri."

"Nimetoa inchi nne kiunoni," kaka yake alisema. "Umejuaje?"

"Shona tu." Akakata simu, akaandika kwenye daftari lake: *Katoni moja. Padri inchi nne. Benigna sifuri.* Kisha akamwambia Theopista afunge duka kwa kufuli lake, akaweka lakiri mpya juu ya lile la serikali. Theopista alisimama akimwangalia anavyofunga.

*

Walipoiacha Bukoba, Koplo Ndyamukama akiwa kwenye usukani, Evodia alimpigia mlalamikaji na kumweleza habari ya padri.

"Afande, hiyo ndiyo hila yenyewe," Mwijage alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa vikaoni. "Padri ana watu wa kumtetea, anapewa halisi. Mama yangu mkulima wa Kimwani, nani atamuuliza? Anapewa maji. Mama yangu hajasema uongo maisha yake yote. Anasema anachomwa kila wiki, basi anachomwa."

"Nani anayemchoma?"

"Anajichoma mwenyewe. Nesi wa Muleba alimfundisha."

"Na baba yako?"

"Baba haumwi kitu. Baba hata panado hajui ladha yake. Afande, naomba huyo mwenye duka asiachiwe."

Koplo Ndyamukama, ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu na hakuwa na haraka na jambo lolote isipokuwa chakula, alisubiri simu ikatwe. "Kijana anampenda mama yake," alisema.

"Sana. Ndiyo shida ya mashahidi wa namna hiyo."

Kliniki ya Muleba iliwapokea saa nne na nusu. Nesi Renatha, mwanamke mrefu mwenye kalamu mbili nyweleni, alitoa faili la Benigna. Evodia alisoma safu ya uzito: tisini na nne, tisini na nne, tisini na tano, tisini na nne. Sukari ya miezi mitatu ilikuwa palepale ilipoanzia.

"Wiki ijayo daktari anataka kumpandishia dozi," Renatha alisema. "Anasema labda mwili wake ni mgumu."

"Sindano alizotumia?"

Renatha alileta chupa ya plastiki ya mafuta ya kula. Wagonjwa wake wote walirudisha sindano katika chupa kama hiyo, zisije zikamchoma mtu shambani. Evodia alivaa glavu, akazimwaga kwenye trei, akazihesabu kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa kumi na mbili. Zote zilikuwa zimepinda kidogo mwishoni, kama sindano iliyoingia kwenye ngozi inavyokuwa. Kwa hiyo dawa haikumwagwa shimoni wala haikuuzwa. Kila wiki, mtu fulani alichomwa.

"Analalamika madhara yoyote?"

"Ooh, yote. Huyu mama namtolea mfano kwa wenzake. Kichefuchefu cha siku ya pili. Tumbo kufunga. Kushiba kwa vijiko vitatu. Kubeua kama mtu aliyemeza yai viza. Wengine wanasema tu 'najisikia vibaya.' Yeye anakueleza kwa saa na dakika, kama ameshika daftari."

"Anasema 'mimi nabeua'?"

Renatha alifikiri. "Hapana. Anasema 'mtu anabeua.' 'Mtu anashindwa kumaliza sahani.' Ndivyo wazee wanavyosema, si unajua, wanaona haya kujitaja."

"Ulimpa maelekezo gani siku ya kwanza?"

"Yale ya kila mtu. Usiruke wiki hata moja. Usiigawe dozi nusu nusu. Badilisha sindano kila mara. Alirudia yote neno kwa neno."

"Na mumewe huja naye?"

"Kila mara. Ila haingii ndani. Anakaa nje kwenye benchi na koti lake, jua lote hilo. Nikimwita apimwe presha tu, anasema yeye ni dereva wa baiskeli, hahusiki."

Evodia alirudisha sindano kwenye chupa. Aliandika mstari mmoja, akaupigia mstari chini, na Ndyamukama aliyechungulia begani mwake alisoma: *Mtu ni nani?*

*

Nyumba ya Mzee Karugendo, Ta Karugendo kwa Kihaya, na Ma Benigna ilikuwa katikati ya migomba, uwanja umefagiwa mpaka unaona haya kukanyaga. Wenyewe walikuja kuwapokea hadi njiani. Benigna alikuwa mnene, mweusi, mwenye kicheko cha karibu karibu. Mumewe alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, katekista mstaafu, amevaa kanzu na juu yake koti la sufu, saa sita ya mchana.

"Karibuni waitu, karibuni watu wetu," Benigna alisema. "Polisi au si polisi, mgeni ni mgeni. Baba Mwijage, wape kahawa."

Karugendo alileta akamwani kwenye kikapu kidogo, buni zilizochemshwa na kukaushwa, akawanyooshea kwa mikono miwili. Evodia alichukua chache, akaziweka mdomoni, akazitafuna polepole. Alikuwa anautazama mkono uliokishika kikapu. Saa ya mzee ilikuwa na mkanda wa ngozi, na kwenye mkanda palikuwa na mkunjo mweusi wa zamani, pale bizimu ya chuma ilipokaa miaka na miaka. Sasa ilikuwa imesogezwa matundu mawili ndani. Tundu la mwisho lilitobolewa kwa msumari. Pete ya ndoa nayo ilikuwa imehamia kidole cha kati.

"Ta Karugendo, huoni joto?"

"Uzee, mwanangu. Uzee una baridi yake."

Chakula kililetwa: ndizi, maharage, samaki wa kukaanga. Hapakuwa na namna ya kukataa, na Koplo Ndyamukama hakuwa na nia hiyo. Benigna alipakua. Kipande cha samaki kilichonona kuliko vyote kilikwenda kwa mumewe, cha pili kwa Evodia, cha tatu kwa Ndyamukama, na yeye akabaki na mkia. Evodia alikula taratibu akihesabu. Benigna alimaliza sahani, akaongeza nyingine, akaifuta kwa kidole. Karugendo alikula vijiko vitatu, akamega samaki, akamzungusha zungusha, akasukuma sahani mbele. Kisha akageukia migombani, akafunika mdomo, akabeua.

"Samahani waitu," alisema.

"Pole, Ta." Evodia alinawa mikono, akatoa kalamu ya wino mfukoni, akampa mwenye nyumba. "Ma Benigna, chakula kimenikaa. Sasa tufanye kilichonileta. Nionyeshe unavyochoma ile sindano. Chukulia hii ndiyo peni."

Benigna alisimama upesi, kama mwanafunzi anayejua jibu. "Unanawa mikono. Unafuta na pamba, unasubiri pakauke. Unafinya hivi." Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilifinya hewa mbele yake, chini kidogo ya usawa wa kifua chake, mkono umenyooka. "Unachoma, unabonyeza mpaka mwisho. Unahesabu moja mpaka sita, pole pole, usitoe haraka. Halafu unatoa."

Alibaki amesimama vilevile, kalamu mkononi. Ncha yake ilitazama mbali naye, ikielekea kwenye kiti alichokalia mumewe. Ndyamukama aliacha kutafuna.

"Ma Benigna," Evodia alisema kwa upole. "Hilo tumbo ulilolifinya ni la nani?"

Benigna aliutazama mkono wake. Akaushusha.

"Langu," Karugendo alisema. Aliweka kiganja mezani. "Kwani limekuwa kosa? Nimechoka na hili koti. Nina sukari, mwanangu, na ninachomwa kila Jumapili tukitoka misa. Sikutaka ijulikane, basi. Huku kwetu mwanamume akianza kukonda, watu wanahesabu alilala wapi miaka ya nyuma. Nimezika ndugu wanne katika miaka ile mibaya, naijua midomo ya watu. Lakini sijamwibia mtu. Nachomwa peni yangu, mama anachomwa yake."

"Peni yako ipi?"

"Boksi lina peni mbili. Yangu Jumapili. Yake anajichoma Jumamosi, nikiwa kwenye sala za jumuiya."

Evodia hakupenda alichokuwa anakwenda kusema, lakini alikisema. "Boksi alilouziwa mke wako lilikuwa na peni moja, Ta. Kila mwezi moja. Nimehesabu sindano leo asubuhi. Ziko kumi na mbili."

Karugendo hakuwa mtu wa hesabu nyingi, lakini hii aliimaliza haraka. Alimgeukia mkewe.

"Mama Mwijage?"

Benigna alikaa chini. Alivuta khanga, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Niliona sisimizi," alisema. "Pale kwenye mgomba unapokojoa, wamefuata sukari. Siku ya kwanza nikanyamaza, ya pili nikamwaga jivu. Nikakudanganya nataka kujaribu mashine yangu ya kupimia sukari kama ni nzima, nikakuchoma kidole. Ikaandika kumi na tisa. Mimi mwenyewe, ninayeitwa mgonjwa, nilikuwa na kumi na mbili! Nikakwambia twende kwa daktari, ukaniambia nikikutaja kwa mtu yeyote, hata kwa Mwijage, utaacha kula mezani kwangu. Wiki ileile Mwijage akatuma hela za ile dawa."

"Ungeniambia ni moja. Tungechomwa kwa zamu."

"Nesi alisema usiruke wiki."

"Tungegawana nusu kwa nusu!"

"Nesi alisema usigawe!" Benigna alifuta macho kwa hasira. "Nimefuata yote aliyosema. Sikuruka, sikugawa, nilibadilisha sindano. Niliuliza nesi maswali yako yote kama yangu, ili nijue nikupe nini ukitapika. Sasa nimekosea wapi?"

Koplo Ndyamukama aliisogeza sahani yake pembeni.

"Mama yangu alikuwa anakusanya senene," Benigna aliendelea, sauti imeshuka. "Anavunja mabawa mpaka vidole vinakuwa vya kijani. Anakaanga, anampa baba sahani nzima, sisi tunanusa tu. Mwanamke hali senene. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Kitu kizuri kikiingia nyumbani mkono wangu unakwenda kwako wenyewe."

"Senene siku hizi na wewe unakula!" Karugendo alifoka, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Msimu uliopita ulinimalizia debe! Dawa ndiyo ukaniachia?"

Benigna alicheka akilia. Mumewe alinyoosha mkono juu ya meza, akamshika kifundo cha mkono, wakakaa hivyo kama watu walioachwa na basi. Walikuwa wameoana miaka arobaini na sita. Evodia aliwapa dakika moja kamili kwa saa yake, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, kisha akafungua mkoba, akatoa fomu ya maelezo.

"Ma Benigna, kuna mama mmoja Kashai ana lakiri mlangoni kwa ajili ya hili. Kesho saa tatu anapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Nahitaji maelezo yako kwa maandishi."

"Mawe, mama yangu! Yule mama wa miwani?" Benigna alishika kichwa. "Mwijage aliniambia ni uchunguzi tu. Andika, andika sasa hivi. Andika nilimwaga zote."

"Hukumwaga."

"Andika niliuza."

"Nikiandika uliuza, naondoka na wewe."

"Tuondoke. Si neno. Ila usiandike habari za mume wangu. Mwijage atasoma, karani atasoma, kesho iko sokoni. Nilimwahidi."

Evodia aliweka kalamu chini. Alikuwa amewahi kuwabembeleza wauaji wakakiri makosa yao, lakini kumbembeleza mtu aache kukiri kosa ambalo si lake kulimshinda. Alimtazama Karugendo. Mzee alikuwa anavua koti. Alilikunja mara mbili, akaliweka kwenye kiti, na kanzu iliyokuwa chini yake ilining'inia mabegani kana kwamba imeazimwa kwa jirani. Kwa jicho la binti wa fundi hapo palikuwa na kilo kumi na moja pungufu, labda kumi na mbili.

"Andika," alisema. "Jina langu lote. Karugendo, katekista mstaafu, Kimwani, nina sukari. Halafu nipigie huyo mhandisi."

Mwijage alipokea kwa mlio wa kwanza. "Afande, amekiri?"

"Amekiri," Karugendo alisema. "Ni mimi baba yako. Yale maji unayoyasema, nimechomwa mimi wiki kumi na mbili, na yamenitoa suruali. Kesho asubuhi na mapema utafuta malalamiko yako, halafu utampigia yule mama umwombe radhi. Usiniulize maswali sasa hivi. Mama yako analia."

*

Ijumaa saa mbili kasoro Evodia aliivunja lakiri kwa mara ya pili. Barua ya Mwijage ilikuwa imeshafika kwa simu, maelezo yalikuwa ndani ya jalada, na jalada lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu kwamba limefungwa. Kufuli la serikali lilitoka. Theopista alilishika mkononi, akalitazama, akamrudishia.

"Basi?" aliuliza. "Ndiyo imekwisha?"

"Kisheria imekwisha."

Theopista alitazama ng'ambo ya barabara. Kijiweni mtu mmoja alisema kitu, wenzake wakacheka. "Na ile?"

Kwa ile ya kijiweni Evodia hakuwa na fomu.

Ndipo pikipiki mbili zilipopanda kutoka stendi na kusimama mbele ya duka. Kwenye ya kwanza alikuwa Ma Benigna, amevaa gauni la kanisani. Kwenye ya pili alikuwa Ta Karugendo katika shati jeupe, suruali imefungwa kwa tai. Walikuwa wamepanda gari la alfajiri kutoka Kimwani bila kumwambia mtu. Mzee, aliyekuwa amelisikia jina la Mama Maji njiani kutoka kwa dereva wa pikipiki, hakuingia dukani. Alishuka, akajiweka sawa, akavuka barabara hadi kijiweni, na sauti iliyosomea watu litania miaka thelathini ikatoka.

"Vijana, hamjambo?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kati yenu aliyesema huyu mama anauza maji?"

Walitazama chini.

"Nitazameni vizuri. Mimi nina sukari. Sina kingine, sukari tu, na nilikuwa naificha kama mwizi. Dawa ya mama huyu imenitoa kilo kumi na moja kwa miezi mitatu. Ilikuwa ya mke wangu. Mke wangu alinipa mimi, yeye akabaki na ugonjwa wake, na huyu mama akafungiwa duka kwa sababu mimi niliona haya. Mkitaka kumcheka mtu, nichekeni mimi, nimesimama hapa."

Kijana mmoja alizima injini. Mwingine, aliyeonekana kuwa mkubwa wao, alivua kofia yake.

"Mzee, na mimi baba yangu hataki kupimwa," alisema.

"Mlete Kimwani. Nitaongea naye."

Alirudi akivuka barabara polepole. Benigna alikuwa amesimama mlangoni, hathubutu kuingia. Mbele ya watu wote alipiga magoti, akamshika Theopista mikono.

"Nisamehe, mwanangu. Nilijua dawa yako ni nzima. Ni mimi peke yangu niliyejua, na nikanyamaza."

Theopista alikuwa ameyapanga maneno yake kwa siku tisa, na yalikuwa makali. Evodia aliyaona yakimfika mdomoni. Aliona pia yanavyomshinda. Theopista aliinama, akamnyanyua mama yule mzito kwa nguvu ambayo mwili wake mdogo haukuonyesha, na walipokuwa wamesimama wote wawili hakumwachia.

"Umepima sukari lini?" aliuliza.

"Juzi. Kumi na nne."

"Mungu wangu. Na wewe mzee, unakula?"

"Vijiko vitatu."

"Hiyo haifai. Umechomwa dozi bila daktari kukuona." Alivaa miwani. Sauti ilikuwa ya duka sasa, ila machozi yalikuwa yanashuka tu yenyewe. "Sasa sikilizeni. Dawa ya mtu haichomwi mwingine, na peni haishirikiwi na watu wawili hata kwa sindano mpya, msirudie tena."

"Hatutarudia," Karugendo alisema. "Nipe ya mke wangu. Nimekuja kumnunulia."

"Siwezi kukupa, Ta. Nendeni kwa daktari, wote wawili, kila mtu kwa jina lake. Mkirudi na vyeti viwili nitawapa peni mbili."

"Tutakukuta?" Benigna aliuliza.

Theopista aliingia ndani, akafungua madirisha yote mawili ya duka, akasimama nyuma ya kaunta yake.

"Mtanikuta hapahapa," alisema.